Udongo na Jiwe la Torwhannie

Bibi Grizel alipoamuru lango liachwe wazi, watu wa ngome ya Torwhannie walidhani uzee umemwingia kichwani. Miaka arobaini lile lango la chuma lilifunguliwa kwa jamaa na kwa mchungaji wa kanisa tu. Leo Sir Mungo yuko bondeni na wapanda farasi thelathini, ndiyo liachwe wazi?

"Wazi kabisa," alisema. "Na mtu asiguse bunduki. Atakayefyatua risasi, nitamfyatua mimi."

Mwanawe Patrick, bwana wa Torwhannie, alikufa mwezi wa Aprili kwa kuanguka na farasi. Aliacha hati ya kumrithisha ardhi yote binti yake wa pekee, Euphame, mwenye miaka kumi na tisa. Hati ilikuwa safi, haina doa. Lakini Uskoti karatasi peke yake haimpi mtu hata shimo la sungura. Ni lazima mwandishi wa hati asimame juu ya ardhi yenyewe, mchana kweupe, mbele ya mashahidi, aone udongo na jiwe la pale pale vikitiwa mkononi mwa mrithi. Hivyo ndivyo baba mkwe wa Grizel alivyompa mume wa Grizel ardhi hii, na mume wake akampa Patrick. Mara zote mbili Grizel alikuwepo, na mara zote mbili alilia.

Euphame alikuwa hajapewa. Waandishi wote wa wilaya walikuwa na udhuru: huyu jino linamuuma, yule mkewe anajifungua kwa mara ya tatu mwaka huo huo. Walikuwa wanamwogopa Sir Mungo, basi. Huyu alikuwa mtoto wa shemeji yake Grizel, naye alikwenda Edinburgh, akasaidiwa na marafiki, akarudi na hati yake inayosema Torwhannie haiwezi kwenda kwa msichana. Hati mbili, ardhi moja. Atakayetangulia kushika udongo ndiye mwenyewe.

Na mwandishi wa hati aliyekubali kufika Torwhannie alikuwa mmoja tu, yule aliyeletwa na Sir Mungo.

Sir Mungo alifika kwenye kijito, akaliona lango liko wazi, akasita. Lango lililofungwa alilitarajia. Hili alilishuku kuwa mtego. Alishuka hapo hapo, ng'ambo ya kijito. Mtumishi wake akachota konzi ya udongo, akaokota na kijiwe, akamtilia mkononi. Mwandishi, Bwana Gavin Pitcur, akaanza kuandika.

Grizel alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatoka, mkono mmoja kwa Euphame, mwingine kwa mchungaji Ninian, wakasimama mwisho wa daraja la kijito.

"Hongera, Mungo!" alipaza sauti. "Mchungaji, huyu kachukua nini?"

"Bustani yangu ya kabichi," alisema mchungaji. "Ng'ambo hiyo ni ardhi ya kanisa, mama. Mpaka ni kijito."

"Umesikia? Umekuwa bwana wa kabichi!"

Hata wapanda farasi walicheka. Sir Mungo alitupa udongo chini, uso umemwiva.

"Mama mkubwa, usinichezee. Nitauchukua ndani ya ua wako, ukitazama."

"Karibu. Lango hilo hapo."

Sir Mungo alilitazama lango, akayatazama matundu ya bunduki juu yake. "Pitcur, tangulia. Angalia kama wameficha watu."

Maskini Pitcur alivuka daraja na makaratasi yake, akapita mbele ya Grizel akiinamisha kichwa. Grizel, Euphame na mchungaji wakamfuata, taratibu, kama watu wanaotoka ibadani. Pitcur alipokanyaga katikati ya ua, Grizel akainua fimbo yake. Lango likafungwa kwa kishindo, Sir Mungo na wapanda farasi wake wote wakiwa nje.

Grizel akamtia Pitcur sarafu kiganjani, akavikunja vile vidole vyenye wino. Hiyo ndiyo kawaida ya waandishi wa hati: mwandishi akishatiwa sarafu mkononi mbele ya mashahidi, ataandika alichokiona, apende asipende.

"Bibi, ataniua yule," alinong'ona Pitcur.

"Andika kwanza, mwanangu. Utakufa baadaye."

Aliinama mwenyewe, magoti yakilia, akachimba kwa vidole kati ya mawe ya ua. Akamtilia mjukuu wake udongo na jiwe. Euphame alipokea kwa mikono miwili, matope yakimchuruzika mpaka viwikoni. Pitcur aliandika. Mchungaji alitia sahihi, akatangaza kwa sauti iliyovuka ukuta kwamba Torwhannie ni ya Euphame. Grizel alilia kwa mara ya tatu, na hakujificha.

Nje, Sir Mungo alikuwa anapiga lango kwa mpini wa upanga. "Nitaleta mizinga! Mama mkubwa, unanisikia?"

"Ilete!" alijibu Grizel. "Tuna shayiri ya kutufikisha Pasaka! Lango halifunguliwi!"

"Fungueni," alisema Euphame.

Bawabu alibaki ameduwaa na funguo mkononi.

"Wewe mtoto, umerukwa na akili?" alifoka Grizel. "Wako thelathini nje!"

"Nimewahesabu, bibi. Nusu yao wanalima kwetu, na wote wamesikia udongo uko kwa nani. Sijifungii ndani ya ardhi yangu mwenyewe. Baba mdogo akitaka kula, ataingia kama mgeni, upanga auache nje. Akitaka vita, aanze na mimi, hapo langoni, watu wake wakiona."

Miaka arobaini hakuna aliyewahi kuipindua amri ya Grizel ndani ya ua ule, hata Patrick. Ilimuuma, ilimuuma sana. Bawabu alikuwa bado anamkodolea macho yeye, akisubiri neno lake.

"Unanitazama mimi nini?" alimkaripia. "Hujamsikia mwenye nyumba?"