Kupewa Mkono

Usiku wa jana niliota nimekaa juu ya lile trekta dogo la kukatia nyasi, katikati ya uwanja wa mpira wa shule, na kiti kinaniuliza, "Nani kakaa?"

"Mimi. Mgaya."

"Sisikii uzito."

Ngoja nieleze kwanza, maana ndoto haina adabu ya kueleza. Uwanja ule nimeukata mimi tangu enzi za mashine ya kusukuma. Mwaka jana ugonjwa wa sukari ukanichukulia mguu wa kulia, chini kidogo ya goti. Halafu wahitimu wa zamani wakailetea shule trekta la kukalia, jekundu, zuri kweli, na kanyagio la kulipeleka mbele likawa upande wa kulia. Mungu naye ana utani wake.

Tena jana mchana, nimejipumzisha nyuma ya stoo, nikamsikia mkuu wa shule, Mwalimu Nyagawa, akiongea na simu: "Mzee Mgaya kesho tutampa mkono." Shuleni kwetu anayepewa mkono ni anayeondoka. Hupewa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani, akaitazame nyumbani. Nililala nikiwa na hofu.

Basi kiti kikaendelea. "Sheria yangu ni moja. Asipokaa mtu, injini inazimika. Wewe umekaa pungufu."

"Nimekaa mzima."

"Ukiinuka nazima. Ukiegemea nazima. Ukipiga chafya, nitalifikiria."

Chini kule kanyagio likaanza kuita kama kiranja wa darasa. "Mguu wa kulia!" Kimya. "Mguu wa kulia!" Kimya tena. Likasema, "Asiyekuwepo na lake halipo."

"Lake lipi?"

"Uwanja."

Hapo nyasi zinaanza kuota. Naziona kwa macho, zinapita magurudumu. Pembeni mwa uwanja wageni wa mahafali wamekwisha kuketi, nyasi zinawafika magotini, na hawasogei. Wananyanyua tu chupa zao za soda ili zisimezwe. Kila mmoja ananitazama mimi.

Nikawaza kutoka mguu niponye.

"Upi?" kikauliza kiti.

Ndipo nikauona mkono unakuja. Haukuwa na mwenyewe. Ulikuwa umevaa mkono wa koti na kifungo cha shaba, unatembea kwa vidole juu ya chokaa ya mstari, na kidole kidogo kimebeba saa ya ukutani. Niliutambua mara moja. Moyo ulinidunda hadi kiti kikasema, "Ah, sasa nasikia uzito kidogo."

Kufumba na kufumbua, trekta liko wodini. Ni ile wodi niliyolazwa, vitanda vilevile, ila nyasi zinatoka kwenye mashuka. Kwenye kitanda cha jirani amelala Mligo, fundi wa kuchomelea wa pale shuleni, amevaa miwani yake myeusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaumwa nini?"

"Siumwi, niko kazini. Mguu wako siku hizi unafanya nini?"

"Umezikwa."

"Basi cheo kiko wazi," akasema. "Tumpandishe mkono."

Akachomoa bomba la chuma kwenye fremu ya chandarua, akalipinda, akalichomelea kwenye kanyagio likasimama hadi usawa wa nyonga yangu. Kanyagio halikulalamika. Juu ya usukani akapachika kirungu, nizungushe kwa mkono wa kushoto peke yake. Kisha akashika ncha ya lile bomba, akakunja uso.

"Linateleza. Kwa umande wa huku Njombe litakuponyoka. Kandambili yako ya kulia iko wapi?"

"Usiiguse."

"Mzee, huivai."

"Nimesema usiiguse!"

Kandambili huuzwa mbili, hata kwa mwenye mguu mmoja. Ya kushoto naivaa. Ya kulia iko chini ya kitanda, mpya, na kusema kweli nilikuwa nautunzia mguu, endapo ungerudi. Sijawahi kumwambia mtu jambo hilo, maana ningechekwa, na ningestahili.

Mligo hakucheka. Akavua miwani. "Mzee, hautarudi. Na nyasi ndizo hizo."

Nililia, kule ndotoni. Halafu nikampa. Akakata kipande katikati, akalivalisha lile bomba, na nilipolishika lilikuwa na joto.

Tukawa uwanjani tena.

"Nani kakaa?"

"Mgaya!"

"Mguu wa kulia!"

Nikausukuma mkono wa chuma. "Yupo!"

Trekta linakwenda. Nyasi zinalala pande zote na harufu yake inapanda. Nafurahi, naogopa, vyote kwa pamoja, maana ule mkono wa kwaheri umeshanifikia, unakimbia kwa vidole sambamba na gurudumu.

"Mzee, nimetumwa. Nipe mkono."

"Wa kulia una kazi."

"Uache."

"Nikiuacha, trekta linasimama. Nikupe wa kushoto?"

Mkono ukarudi nyuma kwa mshtuko. "Mzee mzima! Mkono wa kushoto haupeanwi."

"Basi subiri."

"Nitasubiri. Nyasi zikiisha, utaniachia."

Ulisema kweli. Mbele yangu imebaki mistari michache. Uwanja nao unainuka upande mmoja, unakuwa mlima, na kiti kinanong'ona, "Panda wima, usipite kwa ubavu, tutabingirika." Napanda wima. Mkono unapanda nyuma yangu, saa inagonga. Vidole vyangu vinaanza kufa ganzi. Mimi, mkata nyasi, ninaomba nyasi ziote. Otani, jamani. Otani tena.

Hazikuota. Ukabaki mstari mmoja, kisha nusu, na mkono wa kwaheri ukajikunjua mbele ya uso wangu, vidole wazi.

Nikaamka, ngumi ya kulia imekaza.

"Baba Tula," mke wangu akasema kutoka jikoni, "umepigana na nani? Amka, leo wanakusubiri."

Leo. Nikakumbuka. Nikapapasa chini ya kitanda nitafute kandambili, mkono ukaiokota ya kulia. Katikati palikuwa na tundu. Kipande kimekatwa kwa kisu, na raba ya ndani bado nyeupe.

"Mama Tula! Nani kakata hii?"

Akatokea mlangoni na mwiko mkononi, amekamatika. "Nilimwambia Mligo utaiona. Alipita jana jioni umeshalala. Eti anataka raba ya kuvalisha mkono."

"Mkono gani?"

"Wa kuendeshea trekta, kwani upi? Si Mwalimu Nyagawa anakupa leo? Kaniambia nisikwambie, nami sikukwambia, sasa usinitie matatani."

Nilivaa ya kushoto, nikaanza kutafuta magongo. Ilibidi nitumie mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa bado umekufa ganzi.