Vyura wa Bibi Pili

Wageni wa bustani yetu ya wanyama hapa Morogoro hulipa ili wamwone simba. Simba mwenyewe mzee, kazi yake kupiga miayo, lakini watu wanapiga yowe utadhani kawakonyeza. Mimi niko nyuma ya banda lake, kwenye chumba kisicho na kibao, nafuga nzi. Majirani wa Mwembesongo walinicheka mpaka wakachoka: "Devotha, umepunguzwa kazi kwenye miwa Turiani, ukaja mjini kufuga nzi!"

Nacheka nao. Nzi hao, wadogo kuliko punje ya mtama, ni chakula cha vyura wa milima ya Uluguru. Ugonjwa wa ngozi uliwafagia vyura hao kwenye kijito chao. Wachache waliookolewa tuliwalea ndani ya vioo, wakazaa, na wana wao wakazaa. Sasa kijito kimepimwa, kiko salama. Kilichobaki ni ruhusa ya kuwarudisha, na ardhi ya Waluguru hufuata ukoo wa mama. Mwenye neno ni Bibi Pili, mkubwa wa ukoo wenye kijito. Akikataa, vyura watazeekea kwenye vioo.

Akashuka mwenyewe, kanga mbili, mashaka debe zima.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi."

"Alaa, mtani! Ndiyo maana pananuka ndizi mbovu."

"Za kuzalishia nzi hizo, Bibi. Ila tulivyosikia Mluguru anakuja, tukaongeza." Nikamsogezea beseni. "Nikuoshe miguu. Ugonjwa huingia na nyayo."

"Msikitini nitawadhe, na kwa vyura nitawadhe?"

Alicheka, lakini mlangoni uso ukabadilika, akanisimulia ya zamani. Soko huria lilipofungua milango, wafanyabiashara walipanda kwao kununua vinyonga. Walijaza maboksi, vinyonga wakapanda ndege kabla yake yeye.

"Nitajuaje hawa ni wetu? Labda mmeuza wetu, mkaokota wa bwawani. Waimbe. Sauti ya kijito chetu naijua."

Chura haimbi kwa amri. Nikazima taa, nikafungua bomba la ukungu. Majani yakalowa. Kimya.

"Mtani, wamesahau Kiluguru."

"Wanakuogopa, Bibi. Wameona meno."

Utani mdomoni, jasho mgongoni. Hawa walizaliwa humu, mlima hawajauona; pengine hawakuwa na cha kusahau.

Mmoja akalia, tii. Mwingine akamjibu. Kisha ukuta mzima wa vioo.

Bibi Pili alishika pindo la kanga, akaliweka mdomoni. Hakunitania tena mpaka tulipotoka nje, alipomgeukia Rogers, mkuu wa bustani.

"Desturi yetu, mtani ndiye anayetuzika. Huyu Mnyamwezi kazi yake haijui, katuzalishia! Wapelekeni. Lakini awabebe yeye, kwa miguu, mpaka juu, kama babu zake walivyobeba mizigo ya misafara."

"Bibi, mlima wote ule?"

"Ulidhani utani ni mdomo tu?"

Siku ya safari nilijitwisha boksi la vyura lenye matundu, nikakataa kupokewa. Njia ilikuwa utelezi, magoti yalilalamika, na ndani ya boksi walikuwa wakigusana kama mvua nyepesi kwenye majani. Karibu na kijito nilikuta wanawake wa ukoo wamejipanga pande zote mbili za njia, Bibi Pili mbele.

"Mpagazi!" wakanizomea. "Mnyamwezi mpagazi, ongeza mwendo!"

Vigelegele vikafuata. Nimetukanwa sana katika maisha yangu, ila vizuri namna ile, sijawahi. Nikanyoosha shingo, nikaongeza mwendo.