Mkono wa Mama Mkwe

Tangu nimwoe Jentrix mwaka wa themanini, sikuwahi kushikana mkono na mama yake. Kwetu Wabukusu mwanamume na mama mkwe hawagusani, wala hawalali chini ya paa moja. Tulisalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama kando, na tulipatana sana.

Mwaka wa tisini na moja kiharusi kikamwangusha Nakhungu, mama mkwe wangu, huko kwake Kamukuywa. Upande wa kulia ukalegea, ulimi ukafungwa. Hana mtoto mwingine ila mke wangu, kwa hiyo hospitali ilipomruhusu, alikuja kwetu Kitale.

Siku ya kutoka, nesi Cherono aliniita kitandani. "Ageuzwe kila baada ya saa mbili. Na huu mkono unyooshwe. Haya, shika nione."

Nikarudi nyuma hadi nikagonga kitanda cha jirani.

"Kwani huyu si mama yako?"

"Ni mama mkwe, sista."

"Sasa atabebwa na nani, bana?"

Nilimjengea chumba chenye mlango wake nyuma ya jiko, nikajiona mjanja. Lakini Jentrix ni mwembamba na mama yake ni mzito. Kila asubuhi niliwasikia wakihema ng'ambo ya ukuta, chai ikinipoa mkononi. Mchungaji akasema nisaidie. Mjomba wa Jentrix akasema nikimgusa nitamwaibisha, heri arudishwe Kamukuywa. Akatunzwe na nani? Nami, mjinga mkubwa, nilikubaliana na kila aliyesema mwisho.

Jumamosi moja Jentrix alikwenda kusaga mahindi. Nikasikia kishindo. Mama alikuwa ameanguka mlangoni, nusu ndani nusu nje, na mvua inaanza. Nikaita majirani, kimya. Nikasimama hatua tano kutoka kwake, mtu mzima na masharubu yangu, nimegeuza uso.

"Mama, nikuinue ama nimngoje Jentrix?"

Swali gani hilo kwa mtu asiyeweza kusema! Kwa pembe ya jicho nikamwona akivuta leso kwa mkono wa kushoto, akajifunika uso wote. Niliumia sana. Nikajua amekataa, nikageuka kutafuta mwavuli.

Akagonga mlango. Nikatazama. Uso bado ulikuwa umefunikwa, lakini ule mkono mzima alikuwa ameunyoosha kwangu, vidole wazi, matone ya mvua yakiuangukia.

Nikaushika.