Sadaka ya Remus

Silviu Dobrin alipohamishiwa kiwanda cha samani cha Poiana Mierlei, milimani Romania, wenzake wa Brăila walimcheka kwanza, kisha wakamwonea wivu. Brăila ni tambarare kama meza. Mlima wao mkubwa ni tuta la reli. Na Silviu, fundi umeme, mseja, mtu mpole asiye na makuu, alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani: baiskeli ya milimani. Miaka yote alikuwa akisafiri nusu siku kwenda kutafuta mteremko. Sasa anapelekwa kuishi kwenye miteremko yenyewe, na mshahara juu.

Alipofika aligundua kwamba milima ipo, njia hazipo. Au zipo, ila hakuna anayezijua. Ramani ya simu ilimwonyesha barabara za malori ya magogo tu, mashimo na matope. Akiuliza kiwandani, anaulizwa yeye: "Njia? Njia ya kwenda wapi? Huko kuna dubu, bwana." Lakini kila Jumapili mchana vijana walikuwa wakiingia baa wametapakaa tope hadi masikioni, baiskeli zao za bei mbaya zimeegemezwa ukutani, wanacheka na kupigana mabega. Silviu akivuta kiti kuketi nao, mazungumzo yanageuka kuwa ya mpira.

Watu wa milimani ni wakarimu, nisije nikasema uongo. Watakulisha, watakunywesha pombe ya plamu hadi usahau jina la baba yako. Lakini njia walizozichimba wenyewe msituni, kwa majembe na mikono yao, hawakupi. Wenye misitu wakisikia, kesho yake zimezibwa. Kwa hiyo mgeni hukaa mgeni mpaka wamzoee.

Silviu alijaribu peke yake kwenye barabara za malori mpaka fremu ya baiskeli yake ikapasuka. Akaitupa nyuma ya nyumba ya Mama Veturia, alikopanga chumba, akakaa kwenye ngazi amejiinamia. Mama Veturia alimwona kupitia dirisha la jikoni.

Jumamosi ya Wafu kabla ya Pentekoste, wakati mtaa mzima ulikuwa ukitoka kanisani na mabakuli ya ngano tamu ya kuwaombea marehemu, mama huyo alimwita uani. "Silviu, mwanangu, hebu njoo." Pale chini ya mti wa jozi ilisimama baiskeli nyeusi, imeoshwa ikang'aa. Kwenye usukani ilifungwa taulo nyeupe yenye mkate wa kusuka, na mshumaa ukiwaka.

Ilikuwa ya mwanawe wa pekee, Remus, aliyefia mlimani miaka mitatu nyuma.

"Vitu vyake vyote nimeshavitoa sadaka," alisema Mama Veturia. "Viatu, makoti, hata kikombe chake cha kahawa. Hii ndiyo iliyobaki. Vijana wa hapa hawaitaki."

"Kwa nini hawaitaki?"

"Waoga hao. Shika."

Silviu hakuhitaji kuelezwa. Bibi yake alikuwa akifanya hivyo hivyo: kitu kikitiwa mkononi mwa aliye hai, pamoja na mwanga, humfikia marehemu kule aliko. Ukinywa wewe, anakunywa yeye. Akashika usukani, akasema kama inavyopasa, "Mungu amrehemu Remus," na mama akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwani.

"Uiendeshe lakini," akasema. "Isije ikakaa tu bandani. Ikikaa, na yeye kule anatembea kwa miguu."

Jioni ile Silviu alishusha kiti, maana Remus alikuwa mrefu, akaifungia baiskeli bandani. Asubuhi aliikuta kiti kiko juu tena. Matairi yalikuwa na tope bichi lenye sindano za misonobari. Kutoka mlango wa banda alama moja ya tairi ilikuwa imekata umande wa bustani kuelekea mlimani. Ilitoka. Haikurudi.

Fundi umeme haamini mizimu. Anaamini nyaya zilizolegea. Silviu akasema moyoni, hawa ni wale vijana wa baa, wananichezea shere. Akashusha kiti, akapanda, akaifuata alama ili awakamate.

Ilimpitisha nyuma ya zizi la kondoo, ikapanda kando ya kijito, ikaingia kati ya misonobari miwili iliyogusana matawi, mahali ambapo angepita mara mia asione kitu. Nyuma ya matawi yale kulikuwa na njia.

Njia gani, ndugu zangu! Nyembamba, laini, imeinuliwa kwenye kila kona kama ukingo wa bakuli, inaruka mizizi, inazunguka mawe, inakushusha bila kukuangusha. Silviu alipiga kelele kama mtoto aliyerushwa juu na baba yake. Mbele yake, daima kona moja mbele, alisikia tiki-tiki-tiki ya gurudumu la nyuma, ule mlio wa mtu aliyeacha kukanyaga pedali akajiachia ateremke. Akakaza mwendo amfikie. Hakumfikia, wala hakumwona.

"Mmefika wapi leo?" Mama Veturia alimuuliza mezani, kana kwamba walikuwa wawili.

"Tumefika mtoni," akajibu Silviu huku akitafuna, kisha akashangaa kwa nini amejibu hivyo.

Basi ikawa ndiyo desturi. Kila siku ya mapumziko, alama mpya kwenye umande, njia mpya msituni. Alibadilisha kufuli la banda, akaweka na jingine. Alama iliendelea kutoka. Kufikia mwezi wa saba alikuwa anazijua njia ambazo pengine hata waliozichimba walishaanza kuzisahau, na hofu aliyokuwa nayo mwanzoni aliiweka pembeni, maana raha ilikuwa nyingi mno. Kusema kweli alikuwa na furaha. Alikuwa amepata rafiki wa kuendesha naye, japo hakutaka kumwuliza jina.

Kisha siku moja alitokea chini ya mteremko mmoja mrefu akawakuta wale vijana wa baa wakiziba pancha. Mkubwa wao, Nelu, mpasua mbao mwenye kifua cha pipa, aliinua kichwa.

"Wee Brăila, umetokea wapi?"

"Juu huko."

"Juu wapi? Hapo hapapitiki. Tulipaziba sisi wenyewe kwa magogo."

"Magogo gani? Pasafi kama pamefagiliwa jana. Mmeninyima njia miezi yote hii, sasa mnaninyima na macho?"

Wenzake Nelu walicheka. Nelu hakucheka. Alikuwa ameitazama baiskeli, akafanya ishara ya msalaba.

"Mama Veturia amekupa hiyo? Kwa mshumaa?"

"Kwa mshumaa."

"Na nani anakuonyesha njia?"

Silviu alitaka kudanganya akashindwa. Akaeleza alama za kwenye umande. Hakuna aliyemwita mwendawazimu, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Walitazamana tu, mmoja akaanza kukusanya vifaa haraka haraka.

"Sikiliza," Nelu akamshika mkono. "Kuna njia moja hujapelekwa bado. Tunaiita Utepe. Ilikuwa roho ya Remus, kaichimba miaka miwili. Kwa juu inaanzia kwenye jiwe jeupe lililopasuka. Akikufikisha kwenye jiwe hilo, geuza. Umenisikia? Geuza hapo hapo."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ndiyo tabu yake. Mvua ilikata mlima katikati, njia ikabaki inaning'inia. Yeye hakujua." Nelu akautupia jicho mteremko. "Remus alikuwa haendeshi peke yake, Brăila. Hawezi. Atakupigia simu mpaka ukimbie. Siku ile sote tulimkatalia, mvua imenyesha wiki nzima, nani atoke? Akasema sawa, wavivu nyie, nitawangojea chini."

Wiki ile Silviu hakugusa baiskeli. Aliipita bandani bila kugeuza shingo. Mezani Mama Veturia alikuwa akimpakulia kama kawaida, na Jumamosi jioni akaweka kijiko chini.

"Wiki nzima anatembea kwa miguu, mwanangu," akasema, akalia, kimya kimya, machozi yakidondokea kwenye supu.

Nani angevumilia hapo? Silviu alijua cha kufanya, na alijua ni upumbavu. Alijiambia ataenda hadi kwenye jiwe tu. Kesho yake asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa, na alama ya tairi ikatoka bandani nyeusi juu ya majani meupe. Aliifuata saa nzima akipanda, hadi kwenye jiwe jeupe lililopasuka. Alisimama. Alikuwa amenuia kugeuza, wallahi alikuwa amenuia. Ila kule ndani ya ukungu tiki-tiki ilikuwa ikimsubiri, haikuondoka, na njia ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuona.

Akashuka nayo. Hajawahi kuendesha vile maishani mwake. Kila kona ilimpokea na kumkabidhi kwa nyingine. Alikuwa hafikiri, hapigi breki, haoni zaidi ya hatua chache, na kila alipoongeza mwendo mlio wa mbele ulimsogelea, mpaka ukawa karibu kiasi cha kuugusa kwa mkono. Kisha ukanyamaza.

Haukupungua. Ulikatika ghafla.

Mikono ya Silviu ikafunga breki zote mbili kabla kichwa hakijaelewa. Baiskeli iliserereka, ikakwaruza, ikasimama huku gurudumu la mbele likizunguka hewani juu ya ukungu. Kokoto zilidondoka na hakuzisikia zikifika. Chini ya gurudumu alama ya tairi ilikwenda moja kwa moja hadi ukingoni, bila kuyumba.

Ndipo kule chini kabisa, tiki-tiki ikaanza tena. Polepole, kama mtu aliyesimama anazungusha pedali nyuma kwa mguu huku akiwangojea wenzake wachelewaji.

Baiskeli ikasogea. Breki alikuwa amezikaza hadi vidole vikafa ganzi, na bado ilisogea, upana wa kidole, halafu upana wa kiganja.

"Remus," alisema Silviu. "Ndugu yangu, asante kwa njia zote. Lakini mimi sishuki."

Akajitupa nyuma, akaiachia. Hakungoja kuona imekwenda wapi. Alitambaa hadi kwenye miti, akarudi mjini kwa miguu akishikilia shina moja hadi jingine.

Mama Veturia alikuwa uani, ameinama, ana kitambaa na ndoo ya maji. Alikuwa anaisafisha baiskeli.

"Umerudi kwa miguu," alisema bila kugeuka.

"Nimeiacha juu. Mama, nimeiacha juu kwenye ukungu!"

"Kairudisha. Ana adabu, mtoto wangu."

Silviu alisimama palepale langoni. "Ulijua atanipeleka wapi?"

Mama alikamua kitambaa taratibu. "Nilijua anataka mwenzake. Mama asijue hilo?"

"Ningekufa!"

"Usiseme hivyo, mwanangu. Ungefuatana naye." Akageuka. Macho yake hayakuwa ya mtu mbaya, na Silviu angependa yawe ya mtu mbaya, ingekuwa rahisi. "Miaka mitatu yuko peke yake kule. Mtoto aliyekuwa hata dukani haendi bila mtu. Wewe nilikuona ni mtu mwema. Nisingempa mtu ovyo ovyo."

Hasira ilimpanda Silviu hadi kooni, na pamoja nayo huruma, maana mikono ya mama yule ilikuwa imekunjamana kwa maji baridi. Alichukia kwamba anamhurumia.

"Nahama leo leo. Na hiyo baiskeli yako chukua."

"Sadaka hairudi kwa aliyeitoa. Ila ukihama, si itabaki bandani?" Alisema kama mtu anayezungumzia viazi. "Ofisi ya kiwanda wameniuliza kama chumba kitakuwa wazi mwezi ujao. Kuna kijana anakuja kutoka Bacău. Nasikia naye anapenda baiskeli."

Silviu aliingia ndani akatupa sanduku juu ya kitanda. Alijaza mashati, akajaza suruali, akafika kwenye soksi, akakaa chini. Alimwona kijana yule wa Bacău kana kwamba amesimama mbele yake: anauliza njia, hapewi, anarudi amejiinamia kwenye ngazi. Anaitwa uani. Kisha asubuhi anaona alama kwenye umande na kufurahi. Na huko mbele, mlio ukikatika, angepiga breki? Au ni yeye Silviu peke yake aliyepewa bahati hiyo, na haitolewi mara mbili?

Alikaa pale mpaka ukungu ukapanda mlimani. Kisha akafungua dirisha.

"Mama," aliita. "Waambie ofisini chumba kina mtu."

Mama Veturia aliinuka juu ya ndoo yake. Uso wake ulichanua kwa furaha iliyomtisha Silviu kuliko ule ukingo wa mlima.

"Utakaa, mwanangu?"

"Nitakaa," alisema Silviu, akaanza kurudisha mashati kabatini.