Kivuli cha Ngulyati

Siku za gulio pale Ngulyati, Justina alifungua kibanda mapema, akapangusa vumbi kwenye sola kwa kitambaa chenye maji, kisha akaanza kupokea simu. Watu walizileta zikiwa zimezima, kila moja imebandikwa plasta yenye jina la mwenyewe, wakaziacha zichajiwe na kwenda kwenye mambo yao: ng'ombe, chumvi, viatu vya mitumba. Hakuna aliyeuliza zitafanywa nini. Justina alikuwa binti wa kwaya, anaimba sauti ya pili, na kumwachia simu ilikuwa sawa na kumwachia mtoto shangazi yake.

Ndiyo maana Januarius alimchagua. Alitoka Mwanza na tai shingoni, miaka ile ambayo kila mwenye tai alikuwa na kitu cha kuuza. Yeye aliuza jumbe. Mtu akijiunga, kila siku anatumiwa ushauri wa mapenzi, na kampuni inajichotea salio lake yenyewe bila kumsumbua. Kujiunga ni kubonyeza moja tu. Wakala atakayeunganisha wengi atapewa mwavuli mkubwa wa zambarau, ule wa kusimika chini, na Justina alikuwa amechoka kuungua na jua.

"Wenyewe watafurahi," Januarius alisema.

Justina hakutaka kuuliza zaidi. Gulio lililofuata alichomeka simu moja moja kwenye chaji, na kila ilipowaka akabonyeza moja. Ya mwisho ilikuwa ya Mayu Kabula, mama wa makamo ya bibi yake, ambaye hakujua kusoma na aliitunza simu hiyo ili apigiwe na mwanawe Shija aliyehamia Katavi na ng'ombe. Hapo kidole kilisita. Kisha kikabonyeza.

Mwavuli ukaletwa, na salio la watu likaanza kuyeyuka. Waliweka vocha asubuhi, jioni wakakuta patupu. Wakalaumu mnara, wakalaumu betri, mwishowe wakaacha kuweka vocha, wakabaki wa kupigiwa tu. Lakini jumbe hazikukoma, na kampuni si ya kufanya kazi ya bure. Ilipokosa salio ilichukua kilichokuwepo. Kiangazi kile, kitu pekee cha maana walichobaki nacho watu wa Ngulyati kilikuwa kivuli.

Kilianza kuondoka kwa Bundala, mfugaji. Saa sita mchana ng'ombe wake walikwenda chini ya mgunga kama kawaida yao, wakasimama juani. Majani yalikuwepo na matawi yalikuwepo, ila chini palikuwa peupe. Bundala akawajengea banda la mabua, nalo halikutoa kitu. Bwana shamba akaitwa, akauzunguka mgunga, akasema ni ukame. Watu wakakubali, maana hata panya walipokula mahindi alisema ni ukame.

Kwa Justina, kivuli cha mwavuli kilizidi kunenepa. Kilikuwa cha baridi, kizito, na kilienea hadi barabarani. Watu wakaja kukaa humo, na wakiwa humo wakanunua maandazi na soda. Justina hakuwahi kuuza vizuri hivyo. Jioni alipofunga aliacha chakula sahanini, akajiambia ni uchovu.

Ndipo akaja Mayu Kabula, kitenge kimemganda mgongoni kwa jasho.

"Mwangaluka, Mayu."

"Mwangaluka, mwanangu. Mwarobaini wetu umeishiwa kivuli. Mzee anaungua."

Mzee ni Mwandu, mumewe. Tangu apooze upande mmoja alishinda chini ya mwarobaini ule, juu ya ngozi ya ng'ombe. Sasa, alieleza Kabula, hata ndani hapafai, kwa sababu jua linapita kwenye bati kama halioni bati. Ngozi ya mzee ilikuwa imeanza kubanduka mabegani. Usiku uliopita alikuwa hajataka hata uji.

Justina aliuangalia mwavuli wake na uso ukamshuka. Alimpigia Januarius, hakupatikana. Aliichukua simu ya Kabula, akatuma neno ACHA kwenda kwenye namba ya kampuni. Jibu lilikuja upesi: Asante kwa kujiunga tena.

Basi akaukunja mwavuli, akaubeba begani hadi kwa Kabula, akausimika mbele ya mwarobaini. Jua lilipita katikati yake kama maji kwenye chekeche na kumwangukia Mwandu usoni. Mzee alifumba macho bila kulalamika, na hilo ndilo lililomchoma Justina kuliko kelele yoyote. Alirudi mbio gulioni. Kivuli kilikuwa palepale alipokiacha, mviringo ardhini, juu yake hakuna kitu, na watu wamekaa ndani yake na mbuzi wao wakisubiri maandazi.

Kesho yake Kabula alimleta Mwandu kwa baiskeli, amemfunga kwa kanga kwenye karia, yeye anaisukuma akitembea. Justina alimsaidia kumshusha. Kisha akasema:

"Mayu, ni mimi. Mlipoacha simu, niliwaunganisha na zile jumbe. Nilitaka mwavuli. Vivuli vyenu vyote viko hapa."

Kabula hakushangaa na hakupandisha sauti.

"Basi turudishie."

"Havirudi, Mayu. Nimejaribu. Na kampuni itaendelea kuchota mradi simu ipo."

"Na nikiitupa simu, Shija atanipatia wapi?"

Justina alitamani atukanwe, apigwe hata kofi mbele za watu, angalau apate pa kuanzia kulia. Kabula aliitandika ngozi ya ng'ombe.

"Sogea kidogo, basi," alisema. "Mzee alale."

Justina akasogea. Mwandu alilazwa kwenye ukingo, kwa kuwa katikati palikuwa pamejaa, na mguu wake mmoja ukabaki juani. Wakati wakihangaika namna ya kuuvuta, simu ya Kabula ililia. Mama yule akamnyooshea Justina.

"Nisomee, mwanangu. Labda ni Shija."

Haikuwa Shija. Justina alisoma kwa sauti, kwani aliombwa: "Leo mwonyeshe umpendaye kwamba hakuna unachomnyima."

Kivuli kikasogea kiasi cha shubiri, kikaufunika mguu wa Mwandu. Mzee akashusha pumzi.

"Wabeja," Kabula alisema. Asante, kwa simu au kwa Justina, haikujulikana.

Justina alitaka kumrudishia simu yake. Akaona chaji imebaki kidogo sana, akaichomeka.