Viti vya Musimbi

"Migomba yangu haikatwi," Musimbi alisema kwa mara ya tatu. Mitatu ilikuwa tayari chini.

"Sasa shemeji, hema litasimama wapi?" Jairus, kaka mkubwa wa mumewe, alipangusa utomvu kwenye panga kwa jani la mgomba. "Watu wetu wanakuanga wengi. Wakinyeshewa watasema hatukujipanga."

"Hema la nini?"

"La chochote."

"Jairus, sema. La nini?"

"Khai, Mama Griffin! Hakuna mtu amesema unakufa. Tunajitayarisha tu."

Lazarus, mumewe, alikuwa amesimama mlangoni na begi mkononi. Ndani ya begi mlikuwa na leso mbili, malapa, sabuni na mswaki wa Musimbi. Kesho saa mbili asubuhi walitarajiwa kwenye kliniki moja ya mjini, ambako daktari wa upasuaji angetoa figo lake la kulia. Miadi aliiweka Jairus kwa simu. Daktari huyo hakuwa ameona picha hata moja. Alisema uvimbe ni uvimbe, na mtu ana mafigo mawili.

Musimbi alikuwa ametoka hospitalini Iguhu dakika chache tu zilizopita, karatasi mpya mkononi. Alipita katikati ya viti ili kumfikia Jairus. Vilikuwa viti mia mbili na kumi na vinne, vya plastiki, vyeupe, vimepangwa safu kwa safu, vikitazama mlango wa nyumba.

Cha kwanza kilikuja miezi sita iliyopita. Musimbi, mwalimu wa chekechea, alikuwa ameenda hospitalini kwa sababu ya maumivu chini ya mbavu. Maumivu yalikuwa ya gesi na yaliisha siku hiyo hiyo. Lakini Chepkemoi, anayepiga picha za ultrasound hospitalini, aliona kidoa cheupe kinachong'aa kwenye figo, akamtuma mjini apigwe skani. Majibu yaliporudi walikaa watatu, pamoja na daktari.

"Ni mafuta," Chepkemoi alisema. "Mafuta, mishipa ya damu na misuli kidogo, vimejiviringisha pamoja. Si saratani. Haiendi popote."

Daktari alisema uvimbe una sentimita tatu nukta moja. Uachwe, upimwe tena baada ya miezi sita. Ukipita sentimita nne, au ukikua haraka, wangezungumza juu ya kuuziba mshipa unaoulisha, figo libaki mahali pake. Akipata maumivu makali ya ghafla ubavuni, au akiona damu kwenye mkojo, aje siku hiyo hiyo, asingoje kesho. Musimbi aliyaandika yote nyuma ya rejista ya darasa lake.

Jioni alimweleza Lazarus wakiwa mezani. "Nina uvimbe kwenye figo, lakini si mbaya."

Lazarus alirudisha tonge la ugali kwenye sahani, akanawa, akaenda kulala.

Alfajiri kulikuwa na kiti kimoja uani, kimelowa umande. Lazarus alikisogeza ng'ombe apite, kisha akaenda kwa kaka yake. Kesho yake vilikuja saba, kwa maana nyumbani kwa Jairus ni watu saba. Haikuchukua wiki kila mtu kuelewa utaratibu: kila aliyeambiwa leo kuhusu Musimbi, kiti chake kilikuja alfajiri. Jairus alipotangaza kanisani, vilikuja sitini. Walijaribu kuviazimisha kwa harusi ya jirani. Vilikwenda, vikahudumu, na kabla ya jua kuchomoza vilikuwa vimerudi, kimoja kina keki. Kuku walitagia kwenye safu ya nyuma.

Kiti kimoja tu kilikuwa na mikono. Kilikuja siku Griffin, mwanawe anayefundisha Lumakanda, alipopigiwa simu na baba yake. Kilisimama safu ya mbele. Musimbi hakukikalia wala hakukisogeza.

Mwezi wa pili tangu apimwe alisimama kanisani mwenyewe, akasoma barua ya daktari neno kwa neno. Watu waliitikia amina. Wanawake walilia. Mmoja alimkumbatia akamwambia Mungu anampa nguvu ya kusema hivyo. Alfajiri yake vilikuja viti kumi na vinne zaidi, kwa ajili ya wageni waliokuwa wakisikia kwa mara ya kwanza.

Baada ya hapo mambo yaliendelea kwa upole. Shule ilimpa mwalimu mwingine darasa lake ili yeye apumzike. Kwenye harusi jina lake halikuandikwa tena upande wa jikoni, yeye aliyekuwa akipika wali wa watu mia nne bila kuunguza sufuria. Wenzake wa chama waliacha kumkemea akichelewa. Hilo la mwisho ndilo lililomtisha zaidi.

Akaanza kuogopa na yeye. Kila asubuhi alikojoa kwenye beseni jeupe, akalipeleka dirishani kuangalia rangi. Aliacha kula bitiruti, kwa sababu siku moja iliugeuza mkojo kuwa mwekundu, ikamkimbiza hospitalini bila viatu. Alilalia ubavu wa kushoto ili asiuamshe uvimbe. Akichota maji alijikuta amesimama na ndoo, anavihesabu viti, na akawaza kwamba watu mia mbili hawawezi wote kukosea. Ndiyo maana Jairus alipoweka miadi, hakukataa.

Leo mchana Chepkemoi alimpaka yale mafuta baridi, akapitisha mashine polepole. Musimbi hakuangalia skrini. Aliangalia uso wa Chepkemoi, kama mtu anayesubiri kusikia kama mtoto amepita mtihani.

"Tatu nukta moja."

"Pima tena."

Chepkemoi akapima tena. "Tatu nukta moja. Madam, hiki kitu kimelala."

"Kesho wanatoa figo."

Chepkemoi aliiweka mashine chini. "Nani anatoa? Kwa sababu gani?"

Musimbi alitafuta sababu. Alitafuta kwa uaminifu, macho yakiwa kwenye dari. Alipata viti tu.

Sasa alimpa Jairus karatasi. Jairus alisoma midomo ikitembea, akaikunja vizuri, akairudisha.

"Uvimbe uliotulia ndio mbaya," alisema. "Unajificha."

"Na ungekuwa umekua?"

"Hiyo pia ni mbaya."

"Na ungekuwa umepungua?"

Jairus alifikiri. "Basi umehamia mahali pengine."

Musimbi alimgeukia mumewe. "Baba Griffin, wewe unasemaje?"

Lazarus alilihamisha begi kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Macho yake yalikuwa mekundu. Naye hakuwa amelala vizuri kwa miezi sita. "Mimi nataka tu mtu asikuje kusema hatukufanya kitu."

"Mtu nani?"

Lazarus aliangalia viti.

Ngurumo ilisikika upande wa msitu, kama kila siku saa tisa. Nyuma ya jikoni hema la mistari ya kijani na nyeupe lilijiinua kutoka ardhini. Kamba zilijikaza zenyewe. Nguzo mbili zilipita kati ya migomba, zikasimama, na hakuna jani lililochanika. Lilifunika viti vyote na nafasi ikabaki.

Jairus aliitazama mitatu aliyoiangusha.

"Kumbe nafasi ingetosha," Lazarus alisema.

Musimbi alichomoa simu kwenye mfuko wa shati la mumewe, akapiga kliniki.

"Mimi ni Musimbi wa kesho saa mbili. Siji." Alisikiliza. "Hapana, sijazidiwa. Siji tu. Futa jina." Alisikiliza tena. "Figo ni langu, dada, na nimesema futa. Nangoja hapa nisikie ukifuta."

Alingoja. Kisha alimrudishia Lazarus simu na kuchukua begi. Aliingia ndani, akaurudisha mswaki kwenye kikombe chake, akatundika leso, akaenda kwenye kalenda ya ukutani na kuweka duara kwenye tarehe ambayo Chepkemoi angempima tena. Duara halikuwa zuri. Alilikaza kwa kalamu mara ya pili.

Alipotoka matone ya kwanza yalikuwa yakigonga mabati, na mahindi yake yalikuwa bado kwenye turubai uani. Alishika ncha moja akavuta kuelekea hemani. Baada ya kitambo Lazarus alikuja akashika ncha nyingine. Walipanga kuyamwaga mbele, mahali pakavu kabisa, lakini Jairus alikuwa tayari ameketi pale, safu ya kwanza, kando ya kile kiti chenye mikono. Alikuwa amevua kofia na kuiweka juu ya magoti, na panga ameliweka chini ya kiti.

"Inua miguu, shemeji," Musimbi alisema.

Jairus aliinua. Mahindi yalimwagika chini yake hadi mlingoti wa pili. Kisha aliishusha miguu pembeni taratibu, asiyakanyage, na akaendelea kungoja.