Hodi za Kaskazini

Usiku wa jana niliota nimekabidhiwa gari-nyumba niliendeshe mpaka mwisho wa barabara ya kaskazini, huko ambako mchora ramani alichoka akaacha karatasi nyeupe.

Aliyenipa ufunguo alikuwa koti. Koti zito la baridi, limesimama wima, na ndani yake hamna mtu.

"Masharti ni machache," likasema koti. "Taa ziwake mchana kutwa. Ukiona kituo cha mafuta, jaza. Usiache kitu chochote nyuma. Na gari lirudi kabla jua halijazama."

"Jua huku linazama saa ngapi?"

"Mwezi wa nane," likajibu, likajikunja vizuri, likaondoka.

Nikapanda. Gari-nyumba lina kitanda, jiko, choo, meza ya kukunja, na kila kitu kilichomo katika nyumba yetu ya Tanga isipokuwa majirani. Kwenye kiti cha abiria limekaa birika la mama, lile la kifuniko kilicholegea. Limefunga mkanda.

"Endesha, Hemedi," likasema, kwa sauti ya mama mwenyewe. "Kaka yako anafika asubuhi."

Nikawasha gari. Habari za kaka sikuzitaka hata kwenye ndoto.

Shaweji ndiye mkubwa wangu. Aliondoka kwenda kuendesha malori ugenini, huko huko kwenye misitu na theluji. Siku ya kumuaga nilimtungia shairi. Kutunga sikufundishwa na mtu. Mizani nilijifunza mwenyewe kwa kugonga meza kwa vidole, mpaka mama akaificha meza. Nikasimama mbele ya watu, kifua mbele, nikalighani. Nilipofika mshororo wa tatu Shaweji akahesabu kwa vidole, akacheka, akasema, "Dogo, huu unachechemea." Watu wote wakacheka. Tangu siku ile simu zake sipokei.

Sasa ametuma salamu kwamba anarudi. Na kwetu, tangu baba alipofariki, hodi ya mlango wa mbele naijibu mimi. Mama haombi kingine ila kutuona wanawe tukila sinia moja. Jana jioni nilimwambia, "Apige hodi mpaka sauti imkauke." Akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Anajua, nami najua, kwamba mtu wa kwetu hupiga hodi mara tatu. Asipojibiwa anageuka, wala harudi kuuliza.

Basi naendesha.

Barabara ni ya changarawe. Misonobari imejipanga pande zote mbili kama wanafunzi wa gwaride, na kila ninayempita ananong'ona, "Taa, taa." Zimewaka. Jua limekaa juu ya kilima, limekunja miguu, linanitazama kama mgeni aliyeambiwa chakula kinakuja.

Kituo cha mafuta. Tangi limejaa. Lakini sharti ni sharti, najaza. Mafuta yanajaa kwenye sinki, kwenye vikombe, kwenye viatu vyangu.

"Chai sasa tutanywea nini?" linauliza birika.

"Tutanywa kwa zamu, kwenye mdomo wako."

"Nidhamu, Hemedi."

Nikaegesha kando ya ziwa. Nikapika wali na maharage, nikakunjua meza. Sijatia tonge la kwanza, mlango ukagongwa.

"Hodi, wenye nyumba!"

"Karibu!" nikasema. Ulikuwa mdomo tu, mimi sikushauriwa. Mtu wa kwetu akisikia hodi hujibu kwanza, kufikiri ni baadaye.

Akaingia dubu. Alifuta miguu mlangoni, yote minne.

"Karibu chakula," nikasema, kwa ugonjwa ule ule. Kwetu ukimkaribisha mtu aliyekukuta mezani, yeye husema ahsante, nimeshiba, hata kama tumbo linanguruma. Ndiyo maana tunakaribisha bila hofu.

"Ahsante," akasema dubu. Akakaa, akala wali wote, akalamba sufuria, akalamba mwiko.

"Kwenu hamsemi mmeshiba?" nikamuuliza.

"Tunasema tukishiba," akajibu. "Samaki hamna?"

Samaki alikuwa naye mwenyewe, kwapani. Akamla mbichi, kisha akalipakata birika apate joto. Birika halikulalamika. Liliniambia tu, "Huyu umemkaribisha mwenyewe."

Naendesha. Dubu amekaa nyuma na gari limeinua pua.

"Hodi!" Mbu.

"Karibu."

"Tuko wengi kidogo," akasema mbu. Wakaingia ukoo mzima, na bibi yao wakambeba.

"Hodi!" Baridi.

"Karibu." Ikaingia, ikavua viatu, ikajilaza kitandani kwangu bila kuuliza upande wangu ni upi.

Nikakata kona, na kona ikawa ukumbi wa nyumbani kwetu, na ukumbi ukawa tena barabara. Pembeni anatembea mtu mrefu mwembamba, anachechemea. Nikasogea karibu, nikaona si mtu. Ni mshororo wangu wa tatu. Nausoma toka kichwani mpaka miguuni: Ndugu yangu waondoka, nyumba yabaki tupu.

Nilitaka kuupita. Breki zikajikanyaga.

"Usiache kitu chochote nyuma," likanikumbusha birika.

Mlango nikafungua. "Shikamoo, baba," ukasema mshororo.

"Marahaba. Panda."

"Nisaidie kupanda. Mguu wangu wa nyuma ni mfupi."

"Si mfupi. Hii barabara ndiyo mbaya."

"Baba, hata sakafuni nachechemea."

Dubu akahesabu kwa kucha zake. "Kijana, nusu ya mbele ni nane. Ya nyuma ni saba."

"Wewe dubu unajua nini juu ya mashairi?"

"Mashairi sijui. Miguu naijua."

Nikatia gia kwa hasira. Shairi langu kukosolewa na binadamu nilishindwa kuvumilia, sembuse mnyama aliyekula wali wangu! Nikakanyaga mafuta mpaka misonobari ikashika kofia zake. Halafu barabara ikaisha. Haikukatika wala kufungwa. Iliisha kama wimbo. Mbele ni weupe mtupu, na gurudumu la nyuma la kushoto likazama kwenye matope. Gari zima likainama upande mmoja.

"Sasa tunachechemea wote," ukasema mshororo, kwa faraja kidogo.

Juu ya kilima jua likasimama, likajipangusa makalio.

"Unakwenda wapi?" nikaliita. "Mwezi wa nane bado!"

"Nazama," likasema. "Nimekaa vya kutosha kumngoja mtu mmoja amalize kununa."

Likaanza kushuka. Na hapo, mlangoni:

"Hodi."

Sauti naijua. Nikachungulia dirishani. Ni Shaweji, glavu za dereva mikononi, jeki begani.

Mdomo wangu, uliomkaribisha dubu na mbu na baridi bila ruhusa yangu, ukajifunga kama kombe la baharini.

"Hodi," mara ya pili. "Dogo, nina jeki."

"Jibu," akasema dubu. "Mimi ulikuwa hunijui kabisa, na nimekula nikalamba mwiko."

"Atakuja kunihesabia tena!"

"Baba," ukasema mshororo, polepole, "siku ile watu wote walipiga makofi tu tangu mwanzo wa shairi, kisha wakacheka tu. Aliyenisikiliza neno kwa neno alikuwa yeye peke yake."

Nikagonga usukani kwa vidole: nane, kisha saba.

"Uliandika nyumba yabaki tupu," likasema birika, na sauti ikawa ya mama zaidi kuliko mama. "Uliandika kweli. Nyumba ikibaki tupu, mwanangu, huingia dubu."

"Bila kunivunjia heshima," akasema dubu.

Mshororo ukatoa mguu wake mfupi nje ya dirisha. Shaweji akauona. Hakucheka. Akapiga goti kwenye matope, akaweka jeki chini yake, akazungusha, akinong'ona: "Yabaki... yabakia." Mguu ukarefuka. Mshororo ukasimama wima, kichwa kikagusa dari, na gari nalo likanyooka. Nyumba yabakia tupu. Nane kwa nane.

Shaweji akakunja jeki. Jua limebaki ukucha. Akavuta pumzi ya hodi ya tatu. Nikafungua mdomo nijibu, akaingia mbu, bibi yao.

Nikaamka nakohoa.

"Hodi!"

Niko kitandani kwangu, Tanga, jasho linanitiririka, na hodi ni ya kweli. Sikujua ni ya kwanza au ya mwisho. Kwenye ukumbi mama amesimama na birika mkononi, hajajibu, kwa kuwa si yake kujibu. Ananitazama tu.

Nikatoka mbio na shuka kiunoni, nikafungua mlango. Shaweji alikwisha kugeuka, begi begani, mguu mmoja uko barabarani.

"Karibu!" Kuku wa jirani wakatawanyika. "Karibu, kaka! Karibu ndani!"

Akageuka. Amenenepa. "Nimekaribia, dogo. Nilishakata tamaa."

"Yabakia," nikamwambia.

"Nini?"

"Nyumba yabakia tupu. Si yabaki."

Akatua begi. Akahesabu kwa vidole, taratibu, mpaka mwisho.

"Sasa unatembea," akasema.

Mama akaweka sinia moja la maandazi na mbaazi, akakaa akitutazama kama anayeogopa tutabadilika. Akainamisha birika. Chai ikadondoka tone, ikaziba. Akatikisa, akafunua kifuniko, akachomoa unywele mmoja, wa kahawia, mnene kama uzi wa kushonea magunia.

"Paka wa nani huyu?" akauliza. "Na mbona unanuka samaki mbichi?"

Shaweji akauchukua, akauinua kwenye mwanga, akaunusa. Kisha akaunusa tena.

"Mama," akasema, "huyu si paka."

Wote wawili wakanigeukia.

"Mimina chai, mama," nikasema. "Alifuta miguu kabla ya kuingia."